Kitu Kizuri Nyumbani kwa Mzee Seif

Jamani, naomba nianze kwa kukiri kwamba aibu niliipata, tena aibu ya kushusha kofia mpaka puani kila nikipita Chang'ombe mchana, lakini kukiri aibu ni jambo moja na kukubali kosa ni jambo jingine kabisa, na mie kosa silikubali mpaka leo, kwa hiyo atakayeanza kucheka kabla sijamaliza na aondoke atuachie nafasi kwenye benchi. Nasema hivi kwa sababu mkasa huu mmeshausikia kwa midomo ya watu, na watu wameuongezea chumvi mpaka hauliki: eti Festo alikwenda kuposa mtoto wa watu na sinia la viatu. Uongo mtupu! Sikwenda kuposa. (Viatu vilikuwepo, hilo nitalifikia.)

Mnakumbuka nilikuwa napiga picha za pasipoti saizi kwenye steshenari moja kule Chang'ombe, kazi ya kumwambia mtu inua kidevu, usicheke, haya tayari, kutwa nzima mbele ya shuka la bluu, na roho yangu haikuwa pale hata kidogo, roho yangu ilikuwa kwenye mitindo, kwenye nguo na watu wanaojua kuzivaa, picha za kubandikwa kwenye mabango. Basi siku moja akaja Mama Kidawa kupiga pasipoti saizi. Mama Kidawa ni yule fundi wa Tandika anayeshona kanzu na makoti ya tarizi ambayo vijana wa mjini huyagombania kila ikikaribia sikukuu. Akazitazama picha zangu nyingine kwenye simu, kisha akasema, "Festo mwanangu, nina nguo mpya za Idi. Nipigie picha. Zikitoka nzuri, wewe ndiye mpiga picha wangu moja kwa moja. Zikitoka mbaya, tusijuane." Mie siku ileile nikaacha kazi steshenari. (Msiniulize kwa nini sikusubiri kwanza nione. Nilikuwa na furaha.)

Sasa nguo zenyewe zilikuwa kanzu nne nyeupe na makoti manne meusi yenye tarizi ya dhahabu kifuani, vitu vya maana, na waonyesha mitindo niliwapata kwenye timu ya mpira wa kikapu ya mtaani kwetu, vijana wanne warefu, wamenyooka, ukiwavisha kanzu unadhani wamezaliwa nazo. Kilichobaki ni mahali. Nami mahali nilikuwa napajua tangu zamani, maana kila asubuhi nikienda steshenari nilikuwa napita mbele ya nyumba moja kongwe ya ukoo wa Waarabu waliokaa Temeke kabla hata baba yangu hajatoka Masasi, na nyumba ile ina mlango wa nakshi, mbao nzito iliyoiva mpaka imekuwa nyeusi, maua yamechongwa toka juu mpaka chini, na njumu za shaba zinazowaka jua la jioni likizipiga. Kanzu nyeupe mbele ya mlango ule! Nilikuwa naiona picha usingizini.

Hapa ndipo anapoingia Mnali, na mie nasema wazi kwamba lawama zote ni za Mnali. Mnali ni fundi viatu, kiti chake kipo pembeni kidogo ya nyumba ile, anashona makubazi mazuri sana, na nilikwenda kumwazima jozi nne za kupigia picha. Nikamweleza mpango wangu. Akaacha kushona. "Mwenye nyumba ni Mzee Seif. Usimtajie mlango," akaniambia. "Ukitaja mlango tu umekwisha. Wanunuzi wa milango wamemsumbua yule mzee, wanakuja na fedha mkononi wakaung'oe wakauze kwenye mahoteli, mmoja mzee mwenyewe alimfukuza na fimbo. Wewe zungumza naye kiungwana. Zungukazunguka. Akikuzoea ndiyo useme." Na mie, badala ya kumwuliza Mnali nizunguke mpaka wapi, nikamshukuru.

Nikamfuata Mzee Seif dukani kwake, duka la vitambaa, nikamkuta peke yake anapima doti kwa mita yake ya mbao. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, karibu." Na maneno yaliyofuata nimeyakariri neno kwa neno, maana nimeshawaeleza watu wengi wakitaka kujua nilitamka nini hasa, na nataka nyie mseme kama kuna neno baya hata moja.

"Mzee, mie kijana wako wa Temeke hapahapa, asili yetu kusini. Nimekuja kwa heshima. Huko nyumbani kwako napita kila siku, na nimeona kitu kizuri sana. Kimenikaa moyoni."

Mzee akaiweka mita mezani. "Umekiona lini?"

"Nakiona kila asubuhi, mzee. Kila nikipita lazima nisimame."

"Unasimama?"

"Nasimama mzee, nakitazama, ndiyo niende kazini."

Akapangusa miwani yake kwa pindo la kitambaa cha watu. "Wengi wamekuja kwa ajili ya kitu hicho," akasema. "Wakaja kwa mzaha, au kwa tamaa ya mali. Nikawafukuza."

(Si mnaona? Nani asingefikiri ni wanunuzi wa milango?)

"Nimesikia mzee. Sie si watu wa namna hiyo. Hatutakigusa bila idhini yako."

"Lakini kijana, nikwambie ukweli. Kimekaa sana nyumbani hicho. Si kipya."

"Mzee, hapo ndipo uzuri wake ulipo! Hivyo vipya vimejaa mjini, havina lolote."

Basi yule mzee akanitazama kwa macho yaliyolowa, wallahi yalilowa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza nitakuja na nani, nikamwambia nina wenzangu wanne, vijana wa heshima, tutakuja Jumamosi baada ya Alasiri (mie nilikuwa nafikiria jua), tena tutavaa vizuri. "Karibuni," akasema. "Karibuni sana. Nitawaambia na ndugu zangu." Nikashangaa kidogo ndugu waje kufanya nini, nikajijibu kwamba wanapenda kutazama watu wakipiga picha, nani hapendi. Hata jina hakuniuliza! Angeniuliza jina nikasema Festo, pengine tungeelewana papo hapo, lakini mtu mzima na miwani yake hakuona haja, halafu kosa liwe langu?

Jumamosi ikafika. Vijana nikawavalisha kwangu, kanzu, makoti, kofia za kushonwa kwa mkono, wakapendeza mpaka wakaanza kujitazama kwenye vioo vya bajaji. Yale makubazi mapya sikutaka yaingie vumbi, kwa hiyo nikaazima sinia kubwa la shaba la mama mwenye nyumba wangu, nikayapanga humo, nikafunika na kitambaa cheupe cha kudarizi, nikampa Idrisa, yule mrefu kuliko wote, alibebe. Na kwa kuwa bajaji haziingii kwenye ule uchochoro, tukashuka barabarani tukaenda kwa miguu, mie mbele na begi la kamera, nyuma yangu vijana wanne wa kanzu na makoti wamepangana, na katikati yao sinia limefunikwa.

Nyie mnaosikiliza mmeshacheka, naona, lakini mie sikulelewa kwenye mambo hayo, kwetu posa inakwenda na mzee mmoja na kuku. Mwanamke wa kwanza aliyetuona akapiga kigelegele. Nikamwambia Idrisa, "Umeona? Nguo zimekubali." Wa pili akapiga, wa tatu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Tulipofika kwa Mzee Seif uchochoro mzima ulikuwa nje, na mlango wangu, ule mlango niliouota, ulikuwa umefunguliwa mbawa zote mbili, umelazwa ndani ukutani, nakshi haionekani hata moja.

Mzee Seif alikuwa kizingitini ndani ya joho, ananukia udi, na nyuma yake wazee wengine watano. Nikamwamkia, nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani, tunaomba mlango ufungwe." Akacheka kwa furaha, akanipiga begani. "Mlango haufungwi leo kwa wageni kama nyie! Ingieni!" Ningefanya nini? Ningemvuta joho? Tukaingia, tukavua viatu, tukakalishwa kwenye zulia. Ikaja kahawa, ikaja halua, zikaja tende na sambusa, na wale vijana wangu (hili nalo siwasamehe, maana watatu kati yao ni Waislamu wa Temeke waliokwishakwenda kwenye posa za kaka zao) wakawa wanakula tu! Baadaye nikamwuliza Idrisa kwa nini hakunishtua, akanijibu, "Braza, nilijua unajua. Nikadhani labda umeamua kuoa humo humo kwenye kazi."

Mie nilikuwa natazama jua linavyoshuka dirishani. Kila nikitaka kusema, kikombe kinajazwa. Halafu akatoka shangazi mtu, dada yake Mzee Seif, mama mnene mchangamfu, akaiona kamera, akapiga makofi. "Wamekuja na mpiga picha wao kabisa! Hebu tupige kwanza tukiwa safi." Nikajiambia vizuri, nikiwaridhisha hawa upesi watanipa mlango wangu, nikaanza kupiga, wazee peke yao, wazee na watoto, shangazi na wazee, shangazi peke yake mara tatu kwa sababu ya kilemba, Mzee Seif na kaka yake aliyetoka Tanga asubuhi ile wamekumbatiana wanacheka mpaka meno ya mwisho. Kamera yangu ni ya mtumba na betri ni moja tu, nililijua hilo, lakini mkono wa mpiga picha akishaona nyuso nzuri haumsikilizi mwenyewe.

Ndipo yule kaka mtu wa Tanga akakohoa, watu wakamgeukia. "Bismillahi. Msemaji wenu ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Haya. Jambo mlilokuja nalo liseme hadharani, tulisikie sote."

Hatimaye! Nikakaa vizuri. "Wazee wangu, kama nilivyomweleza mzee, sie tuna haraka kidogo kwa sababu ya jua. Shughuli yenyewe ni ya saa moja tu. Tukishamaliza tunawaachia wenyewe kama tulivyokikuta, maana kesho tunakwenda Ukonga, kuna nyumba nyingine ina kitu kama hiki hiki."

Nilisikia Idrisa akitafuna sambusa.

"Saa moja?" akasema mtu wa Tanga.

"Kwanza tuone walichokuja nacho," shangazi akaingilia kati, masikini, kwa nia ya kuokoa, maana alijua chini ya kitambaa pana barua ya posa, na barua ingeeleza. Akakinyanyua kile kitambaa cha kudarizi kwa vidole viwili, taratibu, mbele ya wazee sita na wanawake waliojaa kwenye pazia. Makubazi. Jozi nne, namba arobaini na nne, zimeelekezwa kwa Mzee Seif.

"Mmeniletea viatu?" akauliza Mzee Seif. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

Nikasimama, nikakanyaga kikombe. "Mzee, ni vya kuvaa mbele ya mlango! Mie mpiga picha wa mitindo! Nilikuwa naomba mlango!"

"Mlango gani?"

"Huu wa nakshi, mzee. Ndicho kitu kizuri."

Akageuka akautazama mlango wa nyumba yake, kisha akanitazama mie, kisha akaanza kufungua vifungo vya joho kimoja kimoja kama mtu aliyeona joto ghafla. "Nimemtoa kaka yangu Tanga," akasema. "Kwa ajili ya mlango." Shangazi akakaa chini palepale aliposimama. Huko nje kwenye uchochoro mtu mmoja alishasikia, akacheka kicheko kirefu, na kicheko kikaanza kutembea nyumba kwa nyumba.

Pazia likafunguka, akatoka Salha.

Salha ndiye binti wa nyumba ile, mwalimu wa hesabu sekondari, amekwishapita thelathini, na hapo alikuwa amevalishwa gauni la kijani na piko mikononi imekauka vizuri. Nilikuwa sijawahi kumwona, naapa, miaka yote ile nilikuwa natazama mbao. Akasimama mbele yangu. "Baba aliniambia kuna mtu kila asubuhi akipita hapa anasimama," akasema. "Nimekataa watu saba, lakini huyo wa kusimama nikasema basi, aje. Kumbe ulikuwa unatazama mlango."

Nilikuwa na hasira, na mpaka sasa ninazo, na Mnali, na mita ya Mzee Seif, na Kiswahili chenyewe kinachomruhusu mtu kumwita binti yake kitu, lakini mbele ya yule dada hasira zikakosa pa kukaa. Nikasema, "Samahani dada, ngoja tuondoke."

"Huondoki." Akanyoosha kidole nje. "Unawasikia hao? Ukitoka hapo na sinia lako kichwani, Jumatatu wanafunzi wangu watakuwa wanaambiana mwalimu wametazama wakamwacha. Wewe si ulitaka mlango? Baba, ufungwe. Tokeni nje nyote, vaeni hivyo viatu, upige hizo picha zako, na mie nitasimama hapo hapo katikati, mtaa mzima uone tangu mwanzo hii ilikuwa kazi ya picha." Akamgeukia baba yake, na sauti ikapungua. "Baba, tafadhali."

Mzee Seif akafunga mlango mwenyewe, mbawa moja, halafu ya pili.

Basi mkatuona, wale mliokuwepo. Jua la mwisho limepiga njumu zote, vijana wanne wa kanzu nyeupe wamesimama wawili huku wawili huku, na katikati Salha na gauni lake la kijani, kidevu juu, macho makavu, anautazama uchochoro mzima kama darasa lililofeli. Nimekaa steshenari miaka mingapi nawaambia watu inua kidevu? Yule hakuhitaji kuambiwa. Nikanyanyua kamera, nikaweka jicho, nikabonyeza.

Kimya. Betri imekufa. Kilemba cha shangazi kimeimaliza.

Na watu wamejaa, wanasubiri kuona kama kweli ni kazi ya picha. Nikafanya kitu ambacho hakifundishwi popote: nikapiga ulimi kuigiza mlio wa kamera. Ta! Nikasogea hatua moja, nikapiga tena, ta! Nikapaza sauti, "Safi sana! Idrisa, bega! Dada, hivyo hivyo!" Ta, ta, ta, jasho linanitoka, nachuchumaa, nainuka, napanda kwenye kiti cha Mnali, ulimi unakauka. Nikamsogelea Salha kwa karibu kana kwamba narekebisha ushungi wake, na yeye bila kutikisa midomo akaniuliza, "Kamera yako imezima, siyo?"

"Ndiyo dada."

"Endelea."

Nikaendelea mpaka adhana ya Magharibi ilipolia na watu wakaanza kutawanyika, nikawasikia wanawake wawili wakibishana, mmoja anasema kumbe ilikuwa matangazo, mwingine anasema alijua tangu mwanzo. Salha akashusha mabega, akafungua mlango, akaingia ndani bila kuaga. Mzee Seif akanirudishia sinia langu mkononi, akaniambia nisipite tena uchochoro ule, wala nisimsalimie nikimkuta dukani.

Kwa Mama Kidawa mnajua yaliyotokea. Alichomeka kadi kwenye kompyuta akakuta ukoo mzima wa Mzee Seif unacheka, na kanzu zake hazimo hata moja, isipokuwa mkono mmoja wa Idrisa unachukua tende. Nilimweleza yote, kuanzia mwanzo. Akasikiliza vizuri kabisa, halafu akanikumbusha kwamba hatujuani. Nguo zake zikapigwa na mtu mwingine, mbele ya ukuta uliopakwa rangi kule Mbezi Luis, na mabango mmeyaona, ya kawaida tu, wala sisemi kwa wivu. Mie nikarudi steshenari, wakanipokea, shuka la bluu bado lipo.

Tangu hapo nimeapa. Nikitaka ukuta wa mtu nasema ukuta, nikitaka ngazi nasema ngazi, atakayenifukuza na fimbo anifukuze, nitakimbia nikijua nimefukuzwa kwa ajili gani. Vijana wa kanzu siandamani nao tena hata kwenda dukani. Na betri sasa ninazo tatu, zote zimejaa, nazibeba hata nikienda kunyoa.

Lakini kinachoniuma hasa, na ndiyo maana nikianza kuusimulia mkasa huu napandwa na hasira upya, si kazi ya Mama Kidawa, wala si kicheko cha mtaa. Ile ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kuziona kupitia kamera, dada yule na mlango ule na jua lile, picha ambayo mpiga picha wa mitindo anaweza kuitafuta mpaka azeeke, mie niliipata, niliipanga sawasawa, nikaipiga kwa ulimi.